Amplifaya Kwenye Pikapu ya Baba

Kila asubuhi ya siku za shule, Kasuku ndiye aliyekuwa wa kwanza kuifikia pikapu. Alibeba ndoo na kitambaa, akafuta umande kwenye kioo cha mbele, kisha akapiga teke kila gurudumu kama alivyomwona baba yake akifanya, ingawa hakujua teke lile ni la nini. Pikapu yenyewe ilikuwa kuukuu. Rangi imepauka, mlango wa abiria unafunguka kutoka ndani tu, na injini ikiwashwa, mtaa mzima unajua kumekucha. Watu waliitania sana, lakini ndiyo iliyolipa ada na kuleta unga nyumbani, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuicheka mbele ya baba.

Kasuku halikuwa jina lake la shuleni. Mama yake alimpa jina hilo tangu akiwa mdogo kwa sababu kila alichosikia alikirudia. Mgeni akipiga hodi mlangoni, naye anapiga hodi akiwa ndani. Mama akisema amechoka, naye amechoka. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na tabia hiyo ilipaswa kuwa imekwisha zamani. Badala ya kwisha, ilikuwa imerudi kwa nguvu, na safari hii haikuwa mchezo wa mtoto.

"Chai iko mezani," mama alisema. Alikuwa amewapa mgongo, miguu yake ikikanyaga cherehani.

Baba aliendelea kufunga viatu.

"Baba, mama anasema chai iko mezani," Kasuku alirudia kwa sauti ya juu, akimtazama baba usoni.

"Ahaa. Nakuja, nakuja."

Mama alisimamisha cherehani. "Mimi nikisema ni upepo unapita," alisema taratibu. "Mtoto akisema ndiyo anasikia. Haya, yote maisha."

Kasuku aliinywa chai yake bila kujua kama ina sukari au haina. Alijua jambo ambalo mama hakulijua. Baba hakuwa anamdharau mama. Baba alikuwa hasikii.

Baba alimwambia siri hiyo mwaka uliopita, wakiwa wawili garini. "Masikio yangu yamekuwa mazito kidogo," alisema. "Ni mafua tu, yatapita. Lakini usimwambie mtu, hata mama yako. Wenye mizigo wakisikia kwamba dereva ni kiziwi, nani atanipa kazi?" Kasuku aliapa kutomwambia mtu. Mafua gani yanayokaa mwaka mzima, hakuuliza. Alimpenda baba yake, na alijisikia mkubwa sana kupewa siri ya mtu mzima.

Tangu hapo walikuwa na lugha yao. Gari likipiga honi nyuma, Kasuku alimgusa baba mkono wa shati. Mtu akiita asimame, aliuvuta. Siku za likizo alikwenda naye kwenye mizigo kutwa nzima, na watu walimsifu baba kwa kuwa na binti anayependa kazi. Siku za shule baba alikuwa peke yake, na Kasuku alikaa darasani roho juu mpaka aione ile pikapu jioni ikikata kona.

Jambo baya halikutokea siku ya shule. Lilitokea wakati wa likizo, Kasuku akiwa ndani ya gari hilo hilo.

Walikuwa kwenye ghala la unga. Baba alikuwa anarudi nyuma kwenda kwenye jukwaa la kupakilia, na nyuma yake alisimama mpakiaji mmoja aliyeitwa Kamba, kwa sababu hakuonekana bila kamba ya kufungia mizigo kiunoni. Kamba alikuwa mtu wa utani. Ndiye aliyekuwa akimuuliza Kasuku kila siku kama amekuja kubeba magunia au kubeba maneno. Siku ile alikuwa anaelekeza gari kama kawaida yake: "Njoo, njoo, njoo." Kasuku alikuwa ameinama, akitafuta kandambili yake iliyoingia chini ya kiti. Akasikia, "Simama, Baba Kasuku. Simama." Akasikia kiganja kikipiga bodi ya gari, kwa nguvu, tena na tena. Alipoinuka na kuuvuta mkono wa baba, gari lilikuwa limekwisha kupanda juu ya mguu wa Kamba.

Watu walikusanyika. Msimamizi wa ghala alikuja mbio na kuuliza kulikoni.

"Hakuita," baba alisema. Uso wake ulikuwa umesawijika. "Angeita ningesikia. Hakuita kabisa."

"Niliita," Kamba alisema akiwa chini, midomo imekuwa ya kijivu kwa maumivu. "Wallahi niliita."

Msimamizi alimgeukia Kasuku. "Wewe mtoto ulikuwa ndani. Ulisikia mtu akiita?"

Baba alimtazama. Kamba naye alimtazama. Kasuku aliwaza ada, unga, cherehani ya mama, na kile kiapo chake.

"Sikusikia mtu," alisema.

Basi likawa ndilo hilo. Kamba alipelekwa hospitali akafungwa plasta, na kazi yake akapewa mtu mwingine. Ghalani walisema alikuwa mzembe, mpakiaji anayesinzia nyuma ya gari. Baba alirudia yale maneno yake nyumbani karibu kila siku bila kuulizwa. "Kamba angeita ningesikia." Wakati mwingine aliyasema akiwa peke yake, akifuta kioo. Kasuku aliyasikia, akaona bora atoke nje.

Muda si mrefu baba akaja na wazo. Alisema masikio hayana tatizo, tatizo ni redio ya gari. Imechoka, sauti haitoki, na injini nayo kelele. Alinunua amplifaya ya mitumba, kifaa cha kukuza sauti, na spika mbili, akazipeleka kwa shangazi yake Kasuku.

Shangazi alikuwa fundi wa umeme wa magari. Karakana yake ilikuwa banda la mabati lenye harufu ya risasi ya kuunganishia nyaya, na ukutani zilining'inia taa za magari yaliyokwisha kufa zamani. Alikuwa mdogo wa baba, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Shikamoo, shangazi," Kasuku alisalimu.

"Marahaba, mwanangu. Na huyu mzee wako anataka nini na mziki? Mvi zimejaa kichwani ndiyo anataka kuwa kijana wa disko?"

Baba alicheka kwa kuwa aliona shangazi anacheka. "Unajua tena," alijibu, jibu linalofaa kwa swali lolote.

Shangazi alianza kazi. Kwanza alichomoa waya wa betri, kwa sababu hakuna fundi mwenye akili anayefanya kazi umeme ukiwa hai. Akachukua waya mwekundu mnene, akaufunga kwenye betri, na karibu kabisa na betri akaweka fyuzi. "Waya huu ukichunika njiani na hakuna fyuzi hapa, gari lote linakuwa kuni," alimwambia Kasuku. Akaupitisha kwenye tundu la ukuta wa injini, baada ya kuvisha tundu lile mpira ili bati lisiukate waya. Kisha akasugua rangi kwa msasa chini ya kiti mpaka chuma kikang'aa, akafunga hapo waya wa hasi. Mwisho akavuta nyaya nyembamba za sauti kutoka kwenye redio hadi kwenye amplifaya. Aliporudisha umeme, kitaa cha kijani kiliwaka juu ya amplifaya, na redio ikaanza kuimba.

"Sasa kaa kwenye usukani, kaka," alisema karibu na sikio lake. "Nazungusha hapa polepole. Sauti ikianza kukwaruza, sema, nirudishe nyuma."

Akazungusha. Sauti ikajaa gari.

"Ongeza," baba alisema.

Akazungusha tena. Spika zikaanza kukwaruza, kisha kukoroma. Fundi wa karakana ya jirani alitoa kichwa nje kuangalia.

"Ongeza kidogo."

"Niongeze niende wapi? Utaziua hizi spika kabla hazijalala kwako hata usiku mmoja." Shangazi alikunja uso, akapunguza. Kisha akainama chini ya kiti kuiweka amplifaya vizuri, na katika kujipinda, goti lake likavuta zile nyaya nyembamba. Zikachomoka.

Gari likawa kimya. Spika zote mbili zilikuwa zimenyamaza, na kilichosikika kilikuwa ni nyundo ya jirani tu. Lakini umeme ulikuwepo bado, na kile kitaa cha kijani kilikuwa kinawaka.

Shangazi aliinua kichwa aseme wasubiri. Hakuwahi kusema. Baba alikuwa anakitazama kitaa, kichwa kinakwenda juu na chini, vidole vinapiga ngoma kwenye usukani.

"Hapo," baba alisema. "Hapo hapo. Safi sana. Usiguse tena."

Na Kasuku, kwa mazoea ya mwaka mzima, akadakia, "Ndiyo, inasikika vizuri."

Maneno yalikwisha kutoka. Shangazi alimtazama mtoto, akamtazama kaka yake ambaye bado alikuwa anaicheza ile ngoma isiyokuwepo. Utani wote ulimtoka usoni. Akaziinua zile nyaya polepole, akaziweka juu ya dashibodi, mbele ya macho ya baba.

"Kaka," alisema, "hakuna kinachopiga."

Vidole vya baba vilisimama. Alizitazama zile nyaya. Angeweza kusema kwamba ametania, na shangazi angetaka kuamini. Hakusema hivyo. Kitu cha kwanza alichosema ni hiki: "Kwa hiyo Kamba aliita."

"Aliita," Kasuku alinong'ona.

"Unasemaje?"

"Aliita, baba."

"Sikusikii, mwanangu. Sema tena."

Ilibidi apaze sauti. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Aliita. Alikuita kwa jina, akasema simama, akapiga bodi kwa mkono. Mimi nilisikia yote. Niliwadanganya."

Nyundo ya jirani ilinyamaza. Karakana zote mbili zilisikia, na safari hii baba naye alisikia. Aliweka paji la uso kwenye usukani, mabega yakaanza kutikisika. Kasuku hakuwahi kumwona baba yake akilia. Alitamani ardhi immeze.

Shangazi alizima umeme wa gari, akachomoa ufunguo na kuutia mfukoni mwa ovaroli. "Huu nitabaki nao," alisema. "Twendeni nyumbani. Kwa miguu."

Jioni ile mama aliambiwa. Hakufoka. Alizunguka meza, akakaa mbele ya baba uso kwa uso. "Miezi yote hii," alisema, "nilidhani umenichoka." Baba aliyasoma maneno yale mdomoni mwake, akamshika mkono, na hakuna aliyegusa chakula.

Kesho yake baba, Kasuku na shangazi walikwenda hospitali. Daktari alimvalisha baba vidude masikioni, akampigia milio minene na myembamba, ainue mkono kila anaposikia, na mara nyingi baba hakuinua. Kisha daktari alimuuliza kama amewahi kufanya kazi penye kelele. Baba alisema ujana wake aliumalizia kwenye mashine ya kusaga, bila kuziba masikio, kwa kuwa waliokuwa wakiziba walichekwa.

"Kilichokufa hakitarudi," daktari alisema, akitamka neno moja moja. "Kuna kifaa cha kuvaa sikioni, kitakusaidia kiasi. Ungekuja ulipoanza kuona dalili, tungelinda kilichobaki. Wewe ukataka kukiongezea kelele za redio."

Baba aliuliza kama ataweza kuendelea kuendesha pikapu. Daktari alimtazama usoni na kutikisa kichwa. Hapo Kasuku alitazama sakafu, maana miaka yote baba akiulizwa yeye ni nani, alijibu, "Mimi ni dereva." Hakuwa na jibu lingine.

Kutoka hospitali baba hakutaka kwenda nyumbani. Alitaka kwenda kwa Kamba.

Kamba alipanga chumba katika nyumba ya ua mmoja, vyumba vinatazamana, nguo za wapangaji wote zinakauka katikati. Walimkuta kitandani, mguu wenye plasta umewekwa juu ya mto. Alikuwa amekonda. Mkewe aliwapa wageni kiti kimoja kilichokuwepo, kisha akasimama mlangoni amekunja mikono. Shangazi na Kasuku walisimama ukutani.

"Nimekuja kusema jambo," baba alianza.

Sasa, mtu asiyesikia hajui sauti yake iko juu kiasi gani. Baba alidhani anazungumza na Kamba pale chumbani. Kumbe sauti yake ilitoka mlangoni, ikapita juu ya zile nguo, ikaingia vyumba vyote.

"Uliita," alisema. "Uliita, na mimi sikusikia. Sisikii. Nina zaidi ya mwaka sisikii, nikaficha kwa ajili ya kazi. Wewe hukuwa mzembe. Mimi ndiye niliyekuvunja mguu, kisha nikakuvunjia jina."

Mtu mmoja alitoka chumbani kwake na sufuria mkononi. Mwingine akasimama kwenye korido. Ua mzima ulijaa watu. Shangazi aliinua mkono kidogo amwashirie kaka yake ashushe sauti, kisha akauteremsha. Acha wasikie.

Kasuku alisogea karibu na kitanda cha Kamba. "Na mimi nilisikia," alisema. "Niliulizwa nikasema sikusikia. Nisamehe."

Kamba alikuwa anautazama ukuta.

"Unajua, mtoto," alisema mwishowe, "uliposema vile, mimi mwenyewe nilianza kuwa na shaka. Nimelala hapa nikijiuliza, hivi kweli niliita? Labda nilidhani tu. Mke wangu aliniuliza, nikashindwa kumwapia." Alipitisha kiganja usoni. "Mguu unauma, lakini hilo lilikuwa linanila."

Mkewe aliifungua mikono yake, akaja kukaa pembeni mwa kitanda. Hakuwatazama wageni. Aliuweka mkono wake kwenye goti la mumewe na kuinamisha kichwa.

Asubuhi iliyofuata baba alikwenda kwa msimamizi wa ghala, akasema yale yale mbele ya wapakiaji wote, na Kasuku naye akasema yake. Msimamizi aliwakaripia sawasawa, na walistahili. Kamba alirudishiwa kazi, lakini si ya kubeba, kwa kuwa daktari alikwisha kusema mguu ule hautanyooka tena. Plasta ilipotolewa, aliwekwa langoni kukagua mizigo inayoingia na kutoka. Pikapu ilipata dereva mwingine. Baba sasa anakaa upande wa abiria, na wakifika ghalani anashuka kubeba magunia, kifaa chake kidogo sikioni. Amplifaya shangazi aliing'oa.

Siku ya kuing'oa, Kasuku alikuwa amemshikia tochi. "Shangazi," alisema, "mimi nilitaka kumsaidia baba."

"Najua." Shangazi aliweka bisibisi chini na kukaa kwenye kizingiti cha mlango wa gari. "Unampenda baba yako, na hilo halina ubaya. Lakini ulipomfichia ugonjwa, ulimnyima dawa. Na ulipomfichia kosa, mzigo haukupotea, mwanangu. Ulimtwisha Kamba, mtu asiyekuwa na lolote. Mtu mzima akikwambia ficha jambo linaloweza kuumiza watu, hiyo si siri ya kutunza. Nenda kamwambie mtu mzima mwingine, hata kama utatetemeka. Na ugonjwa hauonewi aibu. Ungeniambia mwaka jana, kaka yangu angekuwa na masikio nusu, na Kamba angekuwa na miguu miwili mizima."

"Sasa Kamba atanisamehe?"

"Hilo ni lake, siwezi kukuahidi. Lako wewe ni kusema kweli kuanzia leo, na kumsubiri."

Ghala la unga liko njiani kwenda shule. Kila asubuhi Kasuku anasimama langoni na kusema, "Shikamoo." Siku za kwanza Kamba aliitikia kwa kichwa tu, akarudi kwenye mizigo yake. Kasuku hakukimbia wala hakuacha kusalimu. Leo asubuhi Kamba aliegemea fimbo yake, akamtazama, kisha akasema, "Marahaba." Hakutabasamu wala kumtania. Kasuku alishukuru, akashika njia ya shule.